Kuujua Mti wa Mama Yenu Wakati wa Theluji

Sogeeni karibu, wanangu. Wewe Haika kaa huku upande wa dirisha ninakoweza kukuona bila kugeuza shingo, na wewe Sebastian kaa hapo miguuni, lakini uzime hiyo televisheni kwanza. Leo ni Jumapili, na tangu Jumatano sijaenda kusafishwa damu. Daktari aliniambia waziwazi, tena kwa heshima, kwamba mtu mwenye figo kama zangu akiiacha ile mashine ana wiki moja, siku kumi akibahatika, na siku za mwisho huwa ni za kusinzia tu. Kwa hesabu hiyo leo bado nina akili zangu zote, ya kesho siyajui. Kwa hiyo nitasema leo.

Msilie sasa, mtalia baadaye. Na najua Sebastian atalia kuliko dada yake, pamoja na ndevu zake zote.

Nianze na yale mepesi. Nyumba hii ya Oakdale ni yenu wote wawili, ila Sebastian ataendelea kukaa humu, maana ndiye aliyeniogesha miaka hii miwili, na wewe Haika una nyumba yako Lakeville na mume wako Griffins na mtoto wenu. Kihamba cha Kibosho, ile ardhi ya babu zenu, ambacho kwa desturi yetu kingekuwa cha mtoto wa kiume peke yake, nimekiandikisha kwa majina yenu yote mawili, na barua nimeshaituma kwa baba yenu mdogo. Akinung'unika mwacheni anung'unike, amekuwa akinung'unika tangu tulipokuwa tunachunga mbuzi. Karatasi zote ziko kwenye droo ya jikoni, chini ya vitambaa vya kufutia sahani. Koti langu la baridi msimpe mtu, limechakaa. Kioo changu cha kukuzia na lile sanduku la viatu lenye vijiti ni vya mjukuu wangu Lenny.

Mali imekwisha. Mnaona ilivyo fupi? Lililobaki ndilo refu, nalo linahusu miti, na ninaomba mnivumilie, kwa sababu mtanizika wiki ijayo chini ya mti mmoja, kando ya mama yenu, na nataka kila mmoja wenu aweze kuupata mti huo bila mimi, bila jani hata moja, theluji ikiwa imefika magotini. Mimi mwenyewe nilishindwa. Hilo ndilo ninalotaka kuwaambia, lakini nikilisema hivi hivi hamtalielewa, kwa hiyo twende kwa utaratibu.

Sebastian, lete sanduku. Toa kijiti chenye uzi mwekundu, umpe dada yako. Haika, usikitazame juu juu kama unavyosoma vipimo vya wagonjwa wako, kitazame taratibu. Unayaona haya macho, hapa na hapa, ambako majani yangechipua? Yamekaa mawili mawili, hili linatazamana na lile, na matawi nayo hutoka vivyo hivyo, kushoto na kulia mahali pamoja, kama mtu aliyenyoosha mikono. Miti mingi haifanyi hivyo. Miti mingi hutoa tawi upande huu, ikapanda kidogo, ikatoa jingine upande ule. Katika miti mikubwa ya mji huu, ile ya mikono inayotazamana ni michache sana, ni maple, ni ash, na mingine miwili mitatu, na ndiyo maana swali la kwanza la kuuliza mbele ya mti ulio uchi ni hilo: mikono yako inatazamana au inapishana? Nilipofundishwa swali hilo nilikuwa na miaka sitini na tano, mimi niliyekuwa bwana shamba wa kahawa kabla sijaja huku kutunza wazee, na niliona haya, kwa kuwa jibu lilikuwa mbele ya pua yangu siku zote na sikuwahi kuuliza. Chuoni tulifundishwa majani na maua. Nipe jani lililougua nitakwambia ugonjwa wake na dawa yake. Lakini nani angenifundisha mti usio na jani?

Hicho ulichoshika ni ash. Tazama macho yake yalivyo meusi, kama yamepakwa masizi. Usikirudishe sandukuni, nitakihitaji.

Sasa toa chenye uzi mweupe. Hiki macho yake yanapishana, na kila penye jicho kijiti kimekata kona kidogo, kikaenda huku, kikarudi kule. Jicho lenyewe ni jekundu, nene, limevimba upande mmoja kama shavu la mtu mwenye jino bovu. Sebastian, badala ya kucheka, lichune ulitafune. Nimesema tafuna, hakuna sumu, mimi nimeyala miaka saba. Unasikiaje ulimini? Eeh. Mlenda. Siku nilipoligundua hilo nilikaa juu ya theluji nikacheka peke yangu, mlenda katikati ya Saint Paul, mwezi wa pili, juu ya mti wa ghorofa tatu. Nikaenda maktaba kuuliza, wakanipa kitabu, nikakuta kwamba mti huu ni wa ukoo mmoja na mlenda na bamia, yaani huyu jitu wa baridi na mboga ya mama yangu ni ndugu. Nilitaka kumwambia kila mtu kwenye basi. Wanaishi watu hapa miaka hamsini wanapita chini ya mlenda na hawajui.

Wenyeji wanauita basswood. Huo ndio mti wa mama yenu.

Mnakumbuka tulimzika Julai, miaka saba na nusu iliyopita. Mti ulikuwa umechanua, majani yake mapana yenye umbo la moyo, na nyuki walikuwa wengi kiasi kwamba padri alilazimika kupaza sauti. Harufu ilikuwa ya asali tupu. Mimi nilisimama pale nikiwa sina nguvu hata ya kushika koleo, na katika huzuni ile nikajipa moyo kwamba angalau kaburi la mama yenu Aikaruwa sitalipoteza, mti wake unanguruma. Sehemu ile hawaruhusu msalaba wala jiwe la kusimama, ni jiwe la kulala sawa na nyasi ili mashine za kufyeka zipite, na jiwe letu tulichelewa kuliagiza kwa sababu wiki tatu baada ya mazishi nilikwenda Kibosho kumaliza matanga na ndugu. Nilisema nitarudi baada ya mwezi. Nilirudi Desemba. Ukweli ni kwamba niliogopa kuingia katika nyumba hii bila yeye ndani.

Basi nikarudi, nikakuta dunia nzima imefunikwa, na Jumapili ya kwanza baada ya misa nikaenda makaburini na chupa yangu ya chai ya tangawizi aliyoipenda. Nikafika kwenye ule mteremko, nikasimama. Wanangu, sikujua niko wapi. Miti yote ilikuwa mmoja. Hakuna moyo, hakuna nyuki, hakuna harufu, ni fito tu zimesimama kwenye weupe. Ofisi ilikuwepo pale getini, na yuko mama mmoja siku za kazi ambaye hufungua ramani na kukuonyesha kaburi kwa kidole. Ningeenda Jumatatu, ingekuwa kazi ya dakika mbili. Lakini ningemwambia nini? Kwamba mimi bwana shamba nimempoteza mke wangu kwa sababu majani yamedondoka? Nilishindwa. Nikatazama, nikaona mti mmoja mkubwa kwenye mteremko ule ule, karibu na njia, nikajiambia ndio huu. Na kwa kuwa nilijua jiwe letu bado halijawekwa, maana ardhi ikishaganda hawaweki mawe mpaka Mei, sikuwa na cha kufukua chini ya theluji ili nijihakikishie. Nikamwaga chai kidogo. Nikapiga magoti.

Nilikwenda kila Jumapili, Desemba yote, Januari, Februari, Machi. Nilimweleza mama yenu mambo ambayo sikuwahi kumweleza akiwa hai, nikamwomba radhi kwa mengine ambayo nyinyi hamtayasikia leo wala kesho.

Na Februari, Haika, ukaniambia unataka kumpeleka Lenny akaonekane kwa bibi yake. Alikuwa na miezi mitatu. Nikakwambia baridi ni kali, ukasema mtoto wa kwanza lazima apelekwe, ukamfunga mablanketi mpaka akabaki pua. Nakumbuka kila kitu. Nakumbuka ulivyomwinua mbele ya ule mti ukasema, "Mama, huyu ndiye Lenny, kidevu ni chako." Ukavuma upepo, theluji ikamwagika kutoka kwenye tawi ikamwangukia usoni, sisi tukashtuka, na yeye akacheka. Kicheko chake cha kwanza cha sauti. Ukalia, ukasema mama amemgusa. Ukamvua soksi moja, ile ya manjano, ukaiacha pale kwenye theluji. Na mpaka leo mtoto akiumwa, au akiogopa shule, najua unamwambia bibi yako alikuona, bibi yako alikuchekesha. Ameniambia mwenyewe, kwa Kiingereza chake, kwamba bibi yake huwatupia theluji watu anaowapenda.

Haika, mwanangu, mama yangu. Ule haukuwa mti wa mama yako.

Tazama kijiti cha uzi mwekundu. Ulikuwa ash. Nilikupeleka kwenye kaburi la mtu mwingine.

Usiinuke. Nakuomba usiinuke, nimebakiza pumzi chache na nimezitunza kwa ajili ya sehemu hii. Sebastian, mpe maji. Na mimi nilowanishie midomo na hicho kipamba. Asante.

Nililijua Aprili. Theluji iliyeyuka wiki moja yote, na Jumapili ile nilipofika nikakuta pale ninapopigia magoti kuna jiwe, lililowekwa zamani, limeandikwa Habiyaremye. Na kando ya jiwe amesimama mwanamke wa makamo, kilemba cha sufu, mikono mifukoni, ananitazama kama mtu aliyekuwa anaotea mwizi. Akaniuliza kwa Kiswahili cha kwao, "Mzee, wewe ulikuwa nani kwa bwana yangu?"

Nikamwambia simjui bwana yake.

"Humjui," akasema, "na umelia juu yake baridi nzima?"

Huyo ndiye Mukamana. Sasa nisikilizeni nilichomfanyia mtu asiye na kosa. Yeye alikuwa akija siku za Jumatano, akitoka kazini kiwandani kule Fridley, na kila Jumatano alikuta alama za viatu, na shimo la chai kwenye theluji, mara maua, na Februari akakuta soksi ya mtoto mchanga. Mumewe alikuwa amekufa mwaka mmoja na nusu nyuma. Akapiga hesabu ya miezi, akaipiga tena, haikumwingia akilini, lakini mtu mwenye wivu hahitaji hesabu itimie. Alishaamini kwamba Habiyaremye aliacha mwanamke na mtoto mahali fulani katika mji huu. Aliacha kula. Alikuja pale akalisimanga lile kaburi kwa maneno ambayo aliona aibu kuyarudia. Na siku ile alikuwa ameomba ruhusa kazini ili aje amkamate huyo mwanamke, akamkamata mzee wa Kichaga na chupa ya chai.

Nilimweleza. Nilimweleza yote, kwa sababu ukishaaibika kiasi kile hakuna cha kuficha. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akakaa chini kwenye matope akacheka mpaka nikaogopa, na katikati ya kucheka akaanza kumwomba mumewe msamaha kwa Kinyarwanda, na mimi nikasimama pale na kofia mkononi sijui niende wapi. Alipomaliza akafuta macho akaniuliza mke wangu alizikwa chini ya mti gani. Nikamwambia, wa nyuki, majani kama moyo, Julai unanukia asali. Hakwenda kutafuta jiwe, hakwenda ofisini. Alizungusha macho mara moja kwenye mteremko, matawi yote yakiwa bado makavu, akanyoosha kidole. "Ule pale."

Ni hatua ishirini na mbili kutoka kwenye jiwe la mumewe. Nilizihesabu. Ulikuwa nyuma yangu. Baridi nzima nilikuwa nimempa mama yenu mgongo.

Na soksi, Haika, Mukamana alikuwa nayo kwenye mkoba. Hakunipa mimi. Alizitembea zile hatua ishirini na mbili mwenyewe, akainama, akaiweka juu ya nyasi za mama yako, akamwambia, "Hii ni ya mjukuu wako, ilichelewa njiani." Nilimwona kwa macho yangu haya. Kwa hiyo ilifika.

Nilimuuliza aliujuaje mti bila majani. Akasema Habiyaremye alikuwa mkwea miti wa kampuni moja ya kukata matawi, na kazi ile hufanywa sana wakati wa baridi, kwa hiyo mtu aliyetoka nchi ya miti ya kijani alijifunza miti ya huku ikiwa uchi kabla hajaijua ikiwa na majani. Siku za mapumziko alimtembeza mkewe kando ya mto, anamfundisha. Ndipo akaniuliza lile swali la mikono. Nikamjibu vibaya. Akanichumia vijiti viwili kama hivi vyenye nyuzi, wiki iliyofuata akanijaribu tena, nikakosea tena, na wiki iliyofuata nikapata kimoja. Hivyo ndivyo ilivyoanza, na kwa miaka saba haikuwa zaidi ya hivyo. Tumetembea makaburini, tumetembea Fridley, tumetembea mpaka miguu yangu ilipokataa. Tumebishana juu ya mwaloni, ambao macho yake husongamana nchani na ambao majani yake makavu hukataa kuanguka mpaka Machi. Tumekuta mti wenye gome lililojaa chunjua, mimi nikauita Mwenye Chunjua mwaka mzima ndipo tukapata jina lake. Tulikuwa wazee wawili na kioo cha kukuzia. Sikuwahi kumshika mkono ila siku moja, kwenye barafu, na hata hiyo ni yeye aliyenishika mimi nisivunje nyonga.

Jumapili moja mwanzoni mwa Mei mvua ilitunyeshea tukaingia kwenye gari lake kunywa chai, na Zadock wa kanisani kwetu akapita, akatuona, akaona vioo vimefuka mvuke wa chai, akafikisha habari Lakeville kabla chai haijapoa. Msimchukie Zadock. Alisema alichokiona. Nataka awe mmoja wa watakaobeba jeneza, ana mabega mazuri.

Haika, ulinipigia simu jioni ile. Uliniuliza, "Baba, mama hajamaliza hata mwaka. Ni kweli?" Na mimi nilikujibu kwamba hayakuhusu.

Hilo ndilo kosa langu. Kaburi ni bahati mbaya, theluji ilifunika. Lakini lile jibu nililitoa kwa mdomo wangu. Ningekwambia ukweli, ingebidi niseme nilikuwa nafanya nini na mke wa Habiyaremye, na nikisema hilo ingebidi niseme ulimpeleka wapi mtoto wako Februari. Mwanzoni niliogopa kuchekwa, kiburi tu, kiburi cha bwana shamba. Baadaye nikaogopa zaidi. Ulishajenga juu ya kicheko kile. Nilikuona unamwambia Lenny habari ya bibi yake, na uso wako unakuwa laini kama ulivyokuwa kabla hatujazika, na nikajiuliza mimi ni nani niende kukivunja. Nikaona ni heri unifikirie mzinzi. Ukaja siku ya kubariki jiwe mwezi ule, mtoto umemwacha nyumbani, ukasimama mbali na hasira yako, ukaondoka bila kuniaga. Hukugundua hata kwamba si pale uliposimama Februari. Ulisema hutakanyaga tena mahali ambapo baba yako hukutana na wanawake, na hujakanyaga. Umekuja hapa, ndiyo. Umenipangia dawa kwenye kile kisanduku cha siku saba, umenipeleka hospitali, shikamoo yako haijawahi kupungua. Lakini chai yangu hujainywa miaka saba, na Lenny mpaka leo hajafika kwa bibi yake.

Nimeumia, mwanangu. Nalisema wazi kwa sababu sitapata siku nyingine. Nimeumia kila Jumapili.

Tafadhali, kipamba tena. Hapo. Inatosha.

Sasa maagizo. Kwanza, msiende ofisini. Wataalamu wa kuchimba watapajua pao, lakini nyinyi, kesho au kesho kutwa, nendeni na mtoto, mteremko wa upande wa mashariki, mtafute wenyewe. Mkiona kisiki, hicho ni cha ule ash, waliukata miaka mitatu iliyopita, kuna mdudu wa kijani anaila miti ile kutoka ndani na mji mzima imepigwa alama ikakatwa. Mmsalimie Habiyaremye hapo, nimempigia kelele nyingi. Kisha hatua ishirini na mbili. Mpeni Lenny achune jicho alitafune. Likiteleza, amefika. Asiambiwe kwamba kile kicheko kilikuwa cha uongo. Sijui kilikuwa cha nani, Haika. Nimelifikiria hilo miaka saba na sijapata jibu, na kama kuna kitu ninachokwenda nacho nikiwa na hamu ya kukiuliza, ni hicho. Labda mama yako alikuwa anakutazama kutoka hatua ishirini na mbili. Si mbali. Labda Habiyaremye, ambaye hakuwahi kupata mtoto, aliona mtoto akatikisa tawi, maana matawi yalikuwa kazi yake. Mimi sioni ubaya wowote hapo.

Pili. Kule kwetu, mtu akikukosea kama nilivyokukosea, hukuletea jani la isale, na ukishaliona huna ruhusa ya kukataa, lazima usamehe, hata kama moyo haujataka. Mnajua isale lipo hapa? Kwenye sebule ya kliniki ya kusafishia damu, kwenye chungu, kando ya mashine ya kahawa. Miaka miwili nimekaa karibu nalo nikidhani ni ua la plastiki. Wiki ya mwisho nikaligusa. Muuguzi Chepkemoi akanikatia jani moja, liko hapo chini ya mto wangu. Sebastian, litoe. Sikumpa dada yako, na sitampa. Livunje ulitupe. Sitaki anisamehe kwa kulazimishwa na jani. Nataka awe na uwezo wa kukataa, halafu afanye anavyoona.

Nimechoka. Subirini... Subirini kidogo.

La tatu ni hili, Haika. Lile gari la bluu uliloliona mbele ya nyumba ulipofika, ukauliza ni la jirani gani, na Sebastian akaangalia pembeni. Ni Mukamana. Yumo ndani ya gari tangu saa saba. Nilimwita nimuage, akasema hataingia nyumba hii mpaka binti wa nyumba amkaribishe, na ameniambia usipomkaribisha hatakasirika, ataniombea huko huko garini kisha aende zake Fridley. Miaka saba hajawahi kuvuka kizingiti changu. Sikulazimishi. Ukitaka kukaa hapo ulipokaa, kaa, na nitakubariki hivyo hivyo, kwa sababu baraka yangu haina masharti.

Leteni mikono. Wa Sebastian huu, una sugu. Na huu... huu ni wa Haika, baridi kama wa mama yake. Mungu awape macho ya kutazama tena kitu mlichodhani mnakijua. Awape watu wa kuwauliza mkipotea, na msione haya kuwauliza. Mzae... mlee... Lenny asome miti. Kama nimewaumiza mahali nisipopajua, basi na hapo. Mbarikiwe mkitoka, mbarikiwe...

Sebastian. Mkono wa dada yako uko wapi? Ametoka? Usiseme, ngoja nisikilize. Ni viatu vyake hivyo, huvaa bila kufunga kamba. Anashuka ngazi.

Mlango wa mbele. Nimesikia kitasa. Baridi imeingia mpaka huku kitandani... Mwache, usimwambie afunge, anaongea na mtu.

Weka maji ya chai, mwanangu. Tuko wanne.